Leseni ya Mvuvi wa Jumamosi

Aliyekulia Uvira, Kalemie au Kigoma anajua kwamba mwenye boti, taa na nyavu za dagaa havui bila kulipa ada na vibali. Lakini kijana anayekaa juu ya jiwe na ugwe wake, ndoano na kipande cha chambo, akitafuta kitoweo cha jioni, ni nadra mtu kumsumbua. Samaki wa mboga ni wa mboga. Kijana huyohuyo, akishakuwa baba wa watoto watatu na akahamia Houston, siku moja ataingia duka la vifaa vya michezo kununua fimbo ya kuvulia, na muuzaji atamwuliza kama leseni anayo. Atadhani amesikia vibaya. Serikali inauza ruhusa ya kukaa kando ya maji na kungoja?

Inauza, na mamilioni ya watu huinunua kila mwaka. Baadhi yao hawamli hata samaki mmoja: wanamvua, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Kwa mtu wa Ziwa Tanganyika hilo nalo ni fumbo, ila sura hii itajishughulisha na fumbo la kwanza, yaani hiyo karatasi. Nchini Marekani leseni ya kuvua kwa starehe ni daftari la mahudhurio. Aliyelipa ameandikwa, na walioandikwa ndio wanaoamua, kwa pesa yao na kwa wingi wao, maji yatunzwe namna gani na kwa faida ya nani. Tuone kwanza jinsi ya kuandikwa, kisha tuone yanayowapata wasioandikwa.

Kwenye kaunta

Hakuna leseni moja ya Marekani nzima. Samaki wa maziwa, mito na ufukweni wako chini ya majimbo, kwa hiyo kila jimbo lina idara yake, bei zake na vitabu vyake vya kanuni. Ukivuka mpaka kutoka Texas kuingia Louisiana, leseni yako imeishia darajani. Hapa tutakaa na Texas, kwa sababu ni jimbo lenye Waswahili wengi na lenye hadithi inayotufaa.

Texas haina mtihani. Leseni huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, kwenye maduka makubwa ya kawaida, kwenye ofisi za idara ya jimbo inayosimamia hifadhi na wanyamapori, na kwenye intaneti. Kazi yote ni ya dakika chache. Muuzaji atataka kitambulisho na majibu ya maswali matatu: unaishi wapi, utavua maji gani, na kwa muda gani.

Swali la kwanza ndilo lenye pesa ndani yake. Mkazi ni aliyeishi Texas mfululizo kwa zaidi ya miezi sita kabla ya siku ya kununua. Mkazi hulipa dola 30 kwa kifurushi cha maji baridi, 35 kwa maji ya chumvi, na 40 kwa vyote viwili. Asiye mkazi hulipa dola 58 kwa maji baridi peke yake. Kwa hiyo aliyefika Texas mwezi wa nne na ana hamu ya kuvua mwezi wa tano atapata nafuu akinunua leseni ya siku moja, kisha angoje miezi yake sita itimie.

Swali la tatu lina mtego mdogo. Mwaka wa leseni wa Texas huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti, bila kujali ulinunua lini. Anayetoa dola 30 mwishoni mwa Julai amenunua wiki tano tu. Ipo leseni nyingine, ya bei ya juu kidogo, inayohesabu mwaka mzima kuanzia siku ya kununua, lakini lazima uitaje mwenyewe. Ukinyamaza, utapewa ile ya kawaida.

Wapo wasiohitaji kununua. Mtoto wa chini ya miaka 17 huvua bila leseni. Ndani ya hifadhi za jimbo, mtu anayevua akiwa ukingoni au kwenye gati haulizwi leseni, ingawa kiingilio cha hifadhi kipo palepale. Jumamosi ya kwanza ya Juni kila mtu huvua bure jimbo zima. Halafu kuna msamaha wa aina yake: hulipi kama ulizaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1931. Uangalie vizuri msamaha huu. Umewekwa kwa tarehe ya kuzaliwa, haukuwekwa kwa umri, na maana yake ni kwamba hakuna anayeuzeekea. Kila mwaka kundi hilo linapungua, na siku moja litaisha. Wazee wengine, waliotimiza miaka 65, hulipa bei ndogo, lakini hulipa. Sababu ya ubahili huo tutaiona mbele kidogo.

Jambo la mwisho kwenye kaunta huwashtua wengi: fomu huuliza namba ya hifadhi ya jamii. Chanzo chake ni sheria ya mwaka 1996 ya kurekebisha misaada ya serikali kwa wasiojiweza. Bunge lilitaka wazazi waliowakimbia watoto wao watafutwe kila mahali wanapoacha jina, na likaziagiza idara za majimbo ziandike namba hiyo hata kwenye maombi ya leseni za starehe. Sheria hiyohiyo iliyataka majimbo yawe na uwezo wa kuzuia leseni za mtu anayedaiwa matunzo ya watoto, zikiwamo za uwindaji na uvuvi. Baba asiyelipa anaweza kuikosa Jumamosi yake ziwani.

Ambayo leseni haikupi

Leseni hukufungulia mlango, lakini nyuma ya mlango kuna kitabu cha kanuni, nacho kina mambo manne ambayo mtu wa pwani yetu au wa maziwa yetu ataona yameandikwa kwa ajili yake.

La kwanza ni kipimo. Besi mwenye mdomo mpana, kipenzi cha wavuvi wa Texas, kwa kawaida lazima afike inchi 14, yaani kama sentimita 36, na mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya watano kwa siku. Samaki mwekundu wa Ghuba ya Mexico, yule wanayemwita redfish, ana kipimo cha pande mbili: asiwe chini ya inchi 20 wala juu ya 28, na watatu tu kwa siku. Mdogo anaachwa akue. Mkubwa anaachwa kwa sababu ndiye mzazi. Huko kwetu mvuvi aliyepata samaki mkubwa kupita wote huitisha watu waje waone. Texas, akitaka kubaki naye, anatumia lebo ya pekee inayokuja na leseni yake. Samaki hupimwa mdomo ukiwa umefungwa na mkia umebanwa, ili pasiwe na ubishi wa nusu inchi.

La pili ni chombo. Samaki wa kimichezo, kama besi na huyo mwekundu, huvuliwa kwa fimbo na ugwe. Kimia cha kutupa kwa mkono kinaruhusiwa kikiwa na kipenyo kisichozidi futi 14, lakini kwa samaki wasio wa kimichezo, kwa kawaida wale wa kufanyia chambo. Besi akiingia kwenye kimia, hata kwa bahati mbaya, anarudishwa majini. Nyavu za kutega zimepigwa marufuku kabisa.

La tatu ni biashara. Leseni hii ni ya starehe na ya kitoweo cha nyumbani. Kumgawia jirani samaki wawili ni ukarimu, lakini kumwuzia ni kosa. Mpaka huu huwanasa wageni kwa urahisi, kwa sababu tumelelewa kuona kwamba samaki waliozidi mahitaji ya nyumba hupelekwa mtaani.

La nne ni askari. Askari wa wanyamapori wa Texas ni polisi kamili, na akiwa na sababu ya kuamini kwamba ndani ya kisanduku chako cha barafu mna samaki, hahitaji hati ya mahakama ili akifungue. Kuvua bila leseni hutozwa faini ya kati ya dola 25 na 500. Karibu majimbo yote yameingia katika mkataba wa kutambuana, kwa hiyo aliyefungiwa leseni katika jimbo moja anaweza kujikuta amefungiwa na kwingine.

Pesa inakwenda wapi

Hadi hapa leseni inafanana na kodi nyingine yoyote. Inapoanza kuwa kitu cha pekee ni pale dola 30 zinapotoka mkononi mwa muuzaji.

Tarehe 9 Agosti 1950 Rais Harry Truman alitia saini sheria iliyobeba majina ya watu wawili, mbunge John Dingell wa Michigan na seneta Edwin Johnson wa Colorado. Sheria hiyo ilichukua ushuru wa asilimia 10 uliokuwa ukitozwa kwenye fimbo, rili na chambo za bandia, ukilipwa na mtengenezaji au mwagizaji, ikaufungia katika mfuko wa kurudisha samaki majini. Mwaka 1984 mfuko ukapanuliwa, ukaanza kupokea pia sehemu ya kodi ya mafuta ya boti. Kila jimbo hupewa mgawo wake, na hapo ndipo daftari linapoingia: asilimia 60 ya hesabu hutegemea idadi ya watu walionunua leseni katika jimbo hilo, na asilimia 40 hutegemea ukubwa wa eneo lake, nchi kavu pamoja na maji.

Sasa ubahili wa Texas kwa wazee unaeleweka. Anayevua bure hahesabiwi katika hiyo asilimia 60. Jimbo lolote linalompa mzee leseni ya dola chache limemweka kwenye hesabu; likimsamehe, limempoteza. Vilevile, aliyenunua leseni kisha asipate hata Jumamosi moja ya kwenda ziwani amehesabiwa sawa na yule anayelala kwenye boti.

Hesabu ina dari na sakafu: hakuna jimbo linalopata zaidi ya asilimia 5 ya mfuko wala chini ya asilimia 1. Texas na Alaska hugonga dari, kwa hiyo mvuvi mmoja zaidi wa Houston hauongezi mgawo wa Texas kama yule wa Iowa au Kentucky anavyouongeza wa kwao. Lakini leseni yake ina kazi nyingine. Fedha za mfuko hazitolewi bure. Jimbo hutumia kwanza, kisha hurudishiwa hadi robo tatu ya gharama. Robo iliyobaki lazima itoke kwake, na mara nyingi hutoka kwenye mauzo ya leseni. Hivyo dola moja ya mvuvi inaweza kuvuta dola tatu.

Msumari wa mwisho ndio uliofanya mpango huu udumu zaidi ya miaka 70. Jimbo linalotaka fedha hizo lazima liwe na sheria inayokataza ada za leseni kutumika kwa jambo lolote nje ya idara ya samaki na wanyamapori. Gavana mwenye barabara mbovu na uchaguzi mlangoni anaweza kuzitamani, lakini akizigusa jimbo linahatarisha mgawo wake wote. Mahali pengi duniani ada za uvuvi huingia katika mfuko mkuu na hapo ndipo hupotelea. Hapa zimejengewa ukuta.

Na matokeo yanaonekana kwa macho. Karibu maziwa yote makubwa ya Texas ni mabwawa yaliyotengenezwa na watu, na samaki wake wengi ni wa kupandikizwa. Tangu mwaka 1986 idara ya jimbo imekuwa ikiwaomba wavuvi waazime besi wakubwa kupita kiasi, wa ratili 13 na zaidi, ili wazaliane kwenye vituo vyake vya kutotolesha vifaranga. Wa kwanza, aliyetoka bwawa la Lake Fork na kuzidi ratili 17, alipewa jina la Ethel. Kila majira ya baridi trauti hupelekwa kwenye vidimbwi vya bustani za miji, maji ambayo wakati wa joto wasingedumu ndani yake, ili mtu asiye na gari la kufika ziwani apate cha kuvua karibu na nyumbani.

Vita vya samaki mwekundu

Daftari linalowapa sauti walioandikwa huwanyima wengine. Katika miaka ya 1970 samaki mwekundu alikuwa akipungua kwenye ghuba ndogo za pwani ya Texas, na wavuvi wa starehe walizinyooshea kidole nyavu za kutega. Mwaka 1977 kundi lao likakutana Houston na kuunda chama cha kuihifadhi pwani ya Ghuba. Hawakuwa watu wa kuombaomba. Walikuwa na boti, wanasheria, marafiki bungeni, na hoja moja nzito: sisi ndio tunaolipia samaki hawa.

Mwaka 1981 bunge la Texas liliwapa samaki mwekundu na mwenzake, yule wa madoadoa anayeitwa seatrout, hadhi ya samaki wa kimichezo. Maana yake ilikuwa kwamba samaki aliyevuliwa katika maji ya jimbo hawezi tena kuuzwa. Kabla ya muongo kwisha, nyavu za kutega nazo zilikuwa zimeondolewa katika maji ya pwani. Wakati huohuo mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans alikuwa amewafundisha Wamarekani kumla samaki mwekundu aliyepakwa viungo na kuunguzwa kwenye kikaango cha moto mkali, na mahitaji yakapanda mpaka serikali kuu, mwishoni mwa miaka ya 1980, ikafunga kabisa uvuvi wake katika maji yake ya Ghuba. Chama cha wavuvi wa starehe, kampuni ya umeme na idara ya jimbo walishirikiana kujenga kituo cha kutotolesha vifaranga Corpus Christi. Leo samaki mwekundu wa mwituni yupo kwa wingi Texas. Anayeliwa hotelini hutoka kwenye mabwawa ya ufugaji.

Kwa mizani ya samaki, huo ni ushindi. Kwa mizani ya watu, hesabu ina safu mbili. Familia zilizokuwa zikitega nyavu Laguna Madre na ghuba za jirani zilipoteza samaki aliyekuwa akizilisha, na zilimpoteza kwa watu ambao wasipopata kitu Jumamosi hurudi nyumbani kula kuku. Wavuvi hao wa nyavu nao walikuwa na leseni, tena za biashara. Walichokosa ni idadi, na walishindana na upande uliohesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Njia nyingine mbili

Si kila nchi imechagua njia hii. Uingereza ina leseni ya fimbo kwa kila anayevua samaki wa maji baridi akiwa na miaka 13 au zaidi. Wa miaka 13 hadi 16 hupewa bure, ila lazima waichukue. Lakini haki ya kuvua ni mali ya mwenye ukingo, awe mkulima, klabu au kampuni ya maji. Hivyo anayeshika leseni peke yake ameshika nusu ya ruhusa, na nusu nyingine hununuliwa kwa mwenye mahali. Na kwenye mito ya Uingereza samaki wasio wa jamii ya samoni na trauti hupumzishwa kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Juni, wakati wa kutaga. Baharini, kwa fimbo, hakuna anayekudai leseni.

Ujerumani imechagua mtihani. Katika majimbo mengi mtu hupita darasani, akajifunza aina za samaki, sheria, vifaa na namna ya kumuua samaki bila kumtesa, kisha akafaulu kwa maandishi kabla ya kuomba cheti. Sheria ya kulinda wanyama hutaka pawe na sababu ya maana ya kumwumiza kiumbe, na kula ni sababu. Kumvua kwa picha tu kisha kumwachia, jambo ambalo Texas ni uungwana, huko linaweza kukuletea mashtaka.

Pale petu

Afrika Mashariki haina ugeni na samaki wa starehe. Trauti wa mito ya Aberdare walipandikizwa mwanzoni mwa karne ya 20 na walowezi waliotaka kuvua kama kwao Uskoti, na besi wa Naivasha, ndugu wa damu wa besi wa Texas, alitoka Marekani katika miaka ya 1920 kwa ajili ya michezo. Leseni za uvuvi wa michezo zimo katika sheria za Kenya na za Tanzania. Lakini daftari letu kubwa liko kwa wale wanaovua ili wale na wauze, na hao ndio hubeba gharama ya kutunza maji. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mfanyabiashara wa Houston akifungiwa samaki mwekundu hupoteza burudani. Mwenye mtumbwi wa Kigoma, ziwa likifungwa, hupoteza miezi mitatu ya karo, mafuta na unga.

Ndiyo maana mtu hawezi kubeba sheria ya mwaka 1950 kama ilivyo akaishusha Ujiji. Ile ilijengwa kwa ajili ya nchi yenye mamilioni ya watu wenye pesa ya ziada na Jumamosi ya kupumzika. Kinachobebeka ni ukuta wa pesa: ada iliyotoka kwa samaki irudi kwa samaki, na atakayeichepusha apoteze kitu anachokitaka. Kinachobebeka pia ni onyo la Laguna Madre, kwamba anayehesabiwa kidogo atashindwa, hata kama ndiye aliyekuwa majini kwanza. Ada inapotangazwa kwenye mwalo wowote, wavuvi wana haki ya kuuliza inaingia mfuko gani, nani anaweza kuuchota, na majina ya nani yamo katika daftari linalosomwa siku ya kupitisha sheria. Wasipopewa majibu, wanacholipa ni ushuru tu, hata ukiitwa leseni.

Na kwa yule baba wa Houston, ushauri ni mfupi. Nunua kifurushi cha maji yote, ukitaja kwamba unataka mwaka mzima kuanzia leo. Chukua kitabu cha kanuni, beba futi, kiache kimia nyumbani mpaka utakapohitaji chambo. Watoto hawalipi. Kisha idara ya jimbo inapotangaza mkutano wa hadhara kuhusu kanuni mpya za samaki, nenda, kwa sababu umeshalipia kiti.